Neno la Mhariri: Vumbi la Misisi

Katika ufundi wa Kijapani uitwao maki-e, mchoraji huchora kwa laka, yaani utomvu wa mti wa urushi, na kabla haijakauka huinyunyizia vumbi la dhahabu. Hutumia kijimrija cha mwanzi au cha unyoya, kilichofungwa kitambaa chepesi mdomoni. Anakigonga kwa kidole, chembe zinadondoka kidogo kidogo. Baadaye hupaka laka nyingine juu yake, husubiri, kisha husugua kwa mkaa mpaka dhahabu ijitokeze. Na laka hiyo haianikwi juani. Hufungiwa kabatini penye unyevu, la sivyo haigandi.

Msomaji wa hapa mjini Baraka ataniuliza: sisi yanatuhusu nini? Yanatuhusu kwa sababu ya machimbo ya dhahabu ya Misisi. Vumbi hilohilo vijana wetu hulichekecha hapa hapa Fizi, mashariki mwa Kongo, likapimwa kwenye vijimizani, likavuka mipaka, sehemu yake kubwa ikaishia Dubai. Kwenye picha za wachoraji wetu sijaona hata chembe.

Wapo waliothubutu. Serge Mouangue, msanii mwenye asili ya Kameruni, alichukua vigoda vilivyochongwa na Mbilikimo wa Afrika ya Kati, akavipeleka Japani vikapakwa laka, akaiita kazi hiyo Blood Brothers. Naipenda, ila pale ni kigoda kilichofunga safari. Mimi nataka ufundi ndio uje kwetu. Unahamishika: Shibata Zeshin (1807–1891) aliutoa kwenye masanduku akaupeleka kwenye karatasi, na ilimbidi atafute laka isiyopasuka karatasi ikikunjwa.

Wala hatuanzii patupu. Wabembe wa huku kwetu waliochonga kinyago cha alunga, chenye nyuso mbili, walijua weupe wa udongo kuzunguka macho utafanya nini juu ya mti mweusi. Baadhi ya vinyago hivyo sasa vimo katika majumba ya makumbusho ya Ulaya.

Mtasema dhahabu ni ghali. Kweli. Lakini mafundi haohao wa Japani hupachika pia magamba yanayometa, na makome ya Ziwa Tanganyika yana mng'ao huo ndani; ufukweni hayauzwi. Na badala ya laka ya urushi, vanishi ya maboti ipo. Kinachotukwamisha ni haraka: mteja anataka bango lake kesho asubuhi, na mchoraji naye hajawahi kumwambia asubiri. Kwa toleo hili, nawaomba wachoraji wa Baraka wamwambie.