Vumbi la kazini lisiingie nyumbani na baba

Saa kumi na mbili jioni mtoto husikia lango likigongwa, akatoka mbio kabla mtu mwingine hajainuka. Baba amerudi. Kutwa nzima alikuwa juu ya nyumba kuukuu, yeye na wenzake, wakivunja paa la zamani ili mwenye nyumba aezeke mabati mapya. Ovaroli imejaa vumbi la kijivu, kofia vilevile, hata nyusi. Anamnyanyua mtoto, anaketi naye kitini, wanacheka. Baadaye mama anaichukua ile ovaroli, anaikung'uta nje ya mlango, kisha anailoweka.

Hakuna aliyefanya kosa kwa makusudi. Baba ametafuta riziki, mtoto amemlaki mzazi wake, mama amefua. Lakini kama paa lile lilikuwa la asbesto, wote watatu wamevuta hewa ya kazi ile.

Asbesto ni madini yanayochimbwa ardhini. Ukiyasaga hayawi unga kama mawe mengine, bali hugawanyika kuwa nyuzi, na nyuzi hizo zikagawanyika tena, mpaka zikawa nyembamba kuliko unywele mara nyingi. Haziungui kwa urahisi, wala hazili kutu. Ndiyo maana kwa miaka mingi zilichanganywa na saruji kutengeneza vigae vya kuezekea, mabomba ya maji na mbao za dari. Zilitiwa pia kwenye breki za magari na kuzungushiwa mabomba ya moto viwandani.

Sifa hiyo ya kutoharibika ndiyo inayozifanya ziwe hatari zikiingia mwilini. Mtu akizivuta, nyingine hufika ndani kabisa ya mapafu na kukaa hukohuko. Mwili hauwezi kuziyeyusha. Huleta makovu yanayofanya mapafu kuwa magumu, ugonjwa uitwao asbestosisi. Huleta saratani ya mapafu, na huleta mesotelioma, saratani ya utando unaofunika mapafu au tumbo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba asbesto huua zaidi ya watu 200,000 kila mwaka.

Magonjwa haya hayaji kesho yake. Huchukua miaka 10, 20, hata zaidi ya 40. Mtu hakohoi siku ile, hawashwi, wala haumwi kichwa, na kwa hiyo fundi hudhani vumbi hili ni kama la saruji tu. Kwa mtoto jambo hili lina uzito wa pekee, kwa sababu ana miaka mingi mbele yake ya ugonjwa kujitokeza.

Kwamba vumbi hufuata mfanyakazi hadi nyumbani si dhana. Mwaka 1965 watafiti wawili wa London, Newhouse na Thompson, walichapisha uchunguzi wa wagonjwa wa mesotelioma wa hospitali moja ya mashariki ya jiji hilo. Wengi walikuwa wamefanya kazi na asbesto. Lakini 9 hawakuwahi kuigusa kazini. Waliokuwa wakifanya kazi hiyo ni jamaa zao. Wengi wa hao 9 walikuwa wake waliofua nguo za kazi za waume zao. Wawili walikuwa wanaume ambao, walipokuwa na umri wa miaka 8 au 9, dada zao walifanya kazi katika kiwanda cha asbesto. Nguo chafu zilitosha kuwafikishia ugonjwa.

Katika Afrika Mashariki bado kuna paa nyingi za asbesto kwenye shule, nyumba za watumishi wa umma, maghala na mitaa iliyojengwa zamani. Kwa kawaida vigae hivyo ni vinene, vya kijivu, vina mawimbi, huota kuvu, na vikigongwa havilii kama bati. Hata hivyo macho hayatoshi, kwa maana vipo vigae vipya visivyo na asbesto vinavyofanana navyo. Maabara ndiyo yenye jibu. Asiyepata nafasi ya kupima na avichukulie vigae vya zamani kuwa ni asbesto.

Kulala chini ya paa la namna hiyo si sababu ya kuhama usiku. Likiwa zima na imara, nyuzi zimeshikwa na saruji. Hatari huja linapopasuka, linapotobolewa, linapokatwa, linapopigwa msasa au kusuguliwa kwa brashi, na linapochakaa hadi kumung'unyika. Mzazi akiona fundi wa dishi au wa sola anataka kulitoboa, hapo ndipo pa kusema hapana.

Kwa anayefanya kazi yenyewe, kanuni ya kwanza ni kutoifanya bila ujuzi na vifaa. Nchini Kenya asbesto imewekwa katika kundi la taka hatari tangu kanuni za mwaka 2006, na NEMA hutaka isafirishwe na wenye leseni na kuzikwa mahali palipoidhinishwa. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga bila kumkata mfanyakazi mshahara. Kuuliza kabla ya kupanda, "Paa hili ni la nini?" si utovu wa adabu. Ni swali ambalo msimamizi anapaswa kuwa na jibu lake.

Kigae hulowanishwa kwa maji yaliyotiwa sabuni kidogo, yakinyunyizwa taratibu bila kasi. Misumari na skrubu hutolewa kwanza, kigae kikashushwa kizima kwa mikono. Hakivunjwi kwa nyundo, hakitupwi chini, hakikatwi kwa mashine. Hakuna kukanyaga kigae chenyewe, kwani hivyo vya zamani huvunjika ghafla na kumwangusha fundi ndani. Vipande hufungwa kwa karatasi nzito ya plastiki tabaka mbili na kuandikwa. Vumbi lililobaki hupanguswa kwa kitambaa kibichi. Ufagio mkavu hulirudisha hewani.

Leso mdomoni haisaidii, wala barakoa ya kitambaa au ile ya bluu ya hospitalini. Inayofaa ni ile yenye alama FFP3, iliyoshika uso vizuri. Ndevu huacha mwanya. Na anayevuta sigara ajue kwamba sigara na asbesto zikikutana, hatari ya saratani ya mapafu huongezeka kupita ile ya kila moja peke yake.

Kisha kuna ile safari ya kurudi nyumbani. Ovaroli na viatu vya kazi vibaki kazini. Mfanyakazi aoge hukohuko, au angalau anawe uso, nywele na mikono, na kuvaa nguo nyingine kabla ya kupanda matatu. Nguo iliyochafuka sana ni afadhali ifungwe na kutupwa pamoja na taka zenyewe. Na ikiwa imeshafika nyumbani, isikung'utwe. Ilowanishwe kwanza, ishikwe na mtu mzima, isichanganywe na nguo za watoto. Mtoto naye afundishwe kumsubiri baba au mama aoge kwanza. Dakika kumi za kusubiri hazitavunja mapenzi.

Vigae vilivyong'olewa navyo vina vishawishi. Mtu huona hasara kuvitupa, akavifanya ukuta wa banda la kuku, mlango wa choo au kifuniko cha shimo. Wengine huvipondaponda wajaze matope ya njiani, mahali ambapo watoto watacheza na pikipiki zitasaga kila siku. Hakuna akiba hapo. Shule ikitangaza kwamba inabadilisha paa, wazazi wana haki ya kuuliza kazi itafanywa lini, na nani, watoto watakuwa wapi, na vigae vitapelekwa wapi. Wakati wa likizo ndio unaofaa.

Je, aliyekwisha kuvuta vumbi hilo miaka iliyopita? Hakuna dawa ya kutoa nyuzi mapafuni, na kuvuta mara moja hakumaanishi kwamba ataugua. Hatari hukua kwa wingi wa vumbi na wingi wa siku. Aache sigara. Na kila aendapo kwa daktari kwa kikohozi kisichoisha, kuishiwa pumzi au maumivu ya kifua, aeleze kazi alizofanya tangu ujana. Mama aliyekuwa akifua ovaroli zile naye aseme hivyo hivyo. Daktari asipoambiwa hawezi kukisia.

Mtoto ataendelea kukimbilia lango jioni, na ni vyema iwe hivyo. La kufanya ni kuhakikisha kwamba anayemkuta pale ni mzazi aliyeoga, aliyevaa nguo safi, na aliyeliacha vumbi la kazi kazini.