Magwanda ya jeshi si kinga ya maswali

Hofu inapowaingia wananchi, hapana kinachotamaniwa kuliko mtu wa kutoa amri. Ndivyo ilivyokuwa nchini Kenya mwishoni mwa 2014. Tarehe 22 Novemba, abiria 28 wa basi lililotoka Mandera waliuawa na magaidi wa Al-Shabaab. Miongoni mwao walikuwamo walimu waliokuwa wakirejea makwao kwa likizo. Siku kumi baadaye, wafanyakazi 36 wa machimbo ya mawe waliuawa katika kaunti hiyo hiyo. Siku hiyo ya 2 Desemba, Rais Uhuru Kenyatta alimwondoa Joseph ole Lenku katika Wizara ya Usalama wa Ndani na kumteua Meja Jenerali mstaafu Joseph Nkaissery.

Wengi walishangilia, na sababu yao ilikuwa moja tu: huyu ni mwanajeshi. Kana kwamba hakuwa lolote jingine! Ilhali Jenerali huyo alikuwa amekaa bungeni miaka kumi na miwili. Alijiunga na jeshi mwaka 1973, akastaafu mwaka 2002, na mwaka huo huo akachaguliwa mbunge wa Kajiado ya Kati kwa tiketi ya KANU. Baadaye alihamia ODM, akawa waziri msaidizi wa ulinzi katika serikali ya mseto, na kufikia 2013 alikuwa ameketi upande wa upinzani. Hata hivyo, zilipotajwa sifa za kumpandisha cheo, miaka hiyo ya Bunge ilitajwa kwa nadra mno.

Si yeye aliyekuwa wa kwanza kuipita njia hiyo. Jenerali Jackson Mulinge, Mkuu wa Majeshi hadi 1986, alikuja kuwa mbunge wa Kathiani na waziri. Sioni kosa lolote askari mstaafu kuomba kura. Ni raia kama raia wengine. Kosa ni letu tunapodhani kwamba kazi hizi mbili ni moja. Kambini, amri hutekelezwa kwanza, na maswali, yakiwapo, hungoja. Bungeni, mbunge asiyeuliza ni nani aliyeamuru, fedha zimekwenda wapi na kwa nini watu wamekufa, huyo hajaianza kazi aliyotumwa. Mwalimu yeyote anaijua tofauti hii: darasa lililonyamaza si lazima liwe limeelewa.

Na kulikuwa na swali zito lililomhusu Nkaissery mwenyewe. Mwaka 1984 serikali ilituma jeshi Pokot Magharibi kuwapokonya wenyeji silaha, katika msako ulioitwa Operesheni Nyundo, naye alikuwa miongoni mwa maafisa walioshiriki. Wakazi wa Lotiriri walisimulia mateso, vifo, na mifugo iliyokusanywa pamoja ikafa kwa njaa na kiu. Masimulizi hayo yalifika mbele ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, ambayo ripoti yake ilitolewa mwaka 2013. Suala hilo liliibuka tena alipoteuliwa, lakini halikuuzuia uteuzi. Nchi ilikuwa na haraka. Naamini kwamba Bunge lililompoteza mwanachama wake kwa Baraza la Mawaziri lilikuwa na wajibu wa kulichimba suala la Lotiriri hadi mwisho, kwa faida ya Wapokot na kwa faida ya Jenerali pia, kwa maana tuhuma isiyochunguzwa humwandama mtu maisha yake yote.

Haraka hiyo ndiyo iliyozaa Sheria ya Marekebisho ya Usalama mwezi huo huo wa Desemba. Ilipitishwa katika kikao cha vurugu, wabunge wakirushiana karatasi na matusi, ikatiwa saini siku iliyofuata. Februari 2015 Mahakama Kuu ilivifuta vifungu vinane vyake kwa kukiuka Katiba.

Kisha ikaja alfajiri ya 2 Aprili 2015. Magaidi waliingia katika Chuo Kikuu cha Garissa wakaua watu 148, wanafunzi wakiwa 142. Waziri aliyesimama kulitangazia taifa idadi ya waliokufa alikuwa Jenerali tuliyeambiwa angetuondolea hofu. Kikosi maalumu cha polisi cha Recce kilitoka Nairobi na kufika saa nyingi baada ya risasi za kwanza, na usiku ulikuwa umeingia mauaji hayo yalipokomeshwa. Sisemi kwamba yeye peke yake ndiye wa kulaumiwa. Uzembe ule ulikuwa na mizizi ya zamani kuliko uteuzi wake. Nasema kwamba nyota za mabegani hazikukipeleka kikosi Garissa mapema.

Katiba ya 2010 iliyaona haya. Kifungu cha 239 kinaviweka vyombo vya usalama chini ya mamlaka ya kiraia, na kifungu cha 152 kinakataza waziri kuwa mbunge. Nkaissery alilazimika kukiacha kiti chake, na wapigakura wa Kajiado ya Kati wakamchagua mwingine Machi 2015. Toka hapo hakuwa tena na kiti cha kuulizia maswali. Zamu yake ilikuwa ya kuyajibu.

Alifariki dunia tarehe 8 Julai 2017, mwezi mmoja kamili kabla ya uchaguzi mkuu. Alizikwa kwa heshima za kijeshi. La Lotiriri alikwenda nalo.