Mbwa wa shamba hulemaa akiwa bado mtoto

MKULIMA wa Bungu au Mchukwi akihesabu hasara za msimu, huanza na mvua, akaja kwenye bei, kisha nguruwe pori. Mbwa hatajwi. Hata hivyo, mahindi na mpunga vinapoanza kukomaa, mbwa ndiye anayebweka usiku wakati mwenye shamba amejikunyata juu ya dungu, na mbwa asiyeweza kukimbia hata hatua hamsini ni mdomo wa kulisha tu.

Katika wilaya za Kibiti na Rufiji jambo hili lina uzito wake. Mwaka 2005 watafiti wakiongozwa na Craig Packer walichapisha matokeo ya uchunguzi wao kuhusu simba wala watu nchini Tanzania. Tangu mwaka 1990 watu wasiopungua 563 walikuwa wameuawa na zaidi ya 300 kujeruhiwa, na Rufiji ya wakati huo, iliyokuwa bado imeijumuisha Kibiti, ilikuwa miongoni mwa wilaya zilizoumia sana. Mashambulizi yalizidi wakati wa mavuno. Nguruwe hufuata mazao, simba hufuata nguruwe, na katikati yupo mtu aliyelala shambani. Mbwa hamzuii simba, lakini kila usiku ambao mkulima analazimika kushuka mwenyewe gizani kufukuza nguruwe, kwa sababu mbwa wake anachechemea, ni usiku wa hatari zaidi.

Mara nyingi ulemavu huo haukuletwa na gari wala pigo. Uliletwa na chakula, kabla mbwa hajatimiza miezi sita.

Mtoto wa mbwa akiachishwa kunyonya hupewa kinachobaki: ukoko wa ugali, muhogo, chenga za mchele, wakati mwingine pumba. Tumbo linajaa, naye anakua. Tatizo ni kwamba mfupa hujengwa kwa madini mawili yanayokwenda pamoja, chokaa (kalsiamu) na fosforasi, na mtoto wa mbwa anahitaji chokaa iwe sawa na fosforasi au izidi kidogo, bila kufika zaidi ya mara mbili. Unga wa mahindi una fosforasi zaidi ya mara thelathini ya chokaa. Pumba za mpunga nazo zina fosforasi nyingi kuliko chokaa. Wala nyama tupu si dawa, kwani steki nayo ina fosforasi mara kumi na tano au ishirini ya chokaa.

Chokaa ikipungua kwenye damu, mwili huikopa kwenye mifupa. Mifupa inabaki na umbo lake kwa nje lakini inakuwa myembamba kwa ndani. Mtoto huyo huanza kukaa kitako muda mrefu, analia akinyanyuliwa, nyayo zinatanuka, miguu inapinda, na anaweza kuvunjika mfupa kwa kuruka tu kutoka kibarazani. Wengine husema karogwa.

Lipo na suala la vitamini D, ambayo ndiyo huusaidia mwili kufyonza chokaa. Mtoto wa binadamu huipata kwa kuota jua. Ngozi ya mbwa haiwezi kutengeneza ya kumtosha, hivyo jua lote la Kibiti halimsaidii. Lazima aile.

Hapo ndipo tofauti ndani ya eneo moja inapotazamiwa. Mbwa wa delta, huko Salale, Mbuchi na Maparoni, huokota vichwa vya samaki na dagaa mwaloni, kwa hiyo anapata chokaa na vitamini D bila mtu kupanga. Mbwa wa wafugaji, ambao wengi wao walifika Rufiji baada ya kuondolewa bonde la Usangu mwaka 2006 na 2007, hulambishwa maziwa, na katika maziwa chokaa huizidi fosforasi kidogo, kama inavyotakiwa. Anayebaki nyuma ni mbwa wa mkulima wa bara, mbali na mto na mbali na zizi.

Mila nayo ina nafasi yake. Waislamu wengi wa eneo hili hufuata madhehebu ya Shafii, ambayo huhesabu mate ya mbwa kuwa najisi lakini huruhusu mbwa wa kulinda mazao, wa mifugo na wa kuwinda. Mbwa hukaa nje, kwa chombo chake, na watu hawamshikishiki. Matokeo yake mguu unaopinda hugundulika ukiwa umeshapinda.

Kinga haihitaji duka la Dar es Salaam. Kwa mtoto wa mbwa wa kienyeji wa miezi mitatu au minne, kiganja kilichojaa dagaa wakavu wazima, pamoja na nusu ya ganda la yai, vikichanganywa kwenye ugali wake wa siku, huleta chokaa ya kutosha. Ganda lichemshwe, likaushwe, litwangwe liwe unga laini. Dagaa waoshwe mchanga na wachemshwe, kwa sababu baadhi ya samaki wabichi huharibu vitamini B1, na wale wa chumvi nyingi waachwe. Mtu aanze siku ya kumwachisha kunyonya, asisubiri dalili, na aendelee hadi mbwa amalize kukua. Dawa ya minyoo isisahauliwe, la sivyo dagaa hao wanalisha minyoo.

Wenye maduka na maghala Kibiti mjini na Ikwiriri wana kosa la upande wa pili. Mtu ananunua mtoto wa German Shepherd kwa bei kubwa, kisha anamshindilia nyama na unga wa mifupa ili awe jitu upesi. Mtoto wa mbwa hana uwezo wa kukataa chokaa inayozidi kama mbwa mzima. Utafiti uliofanywa Utrecht, Uholanzi, miaka ya 1980 kwa mbwa wa jamii ya Great Dane ulionyesha kuwa chokaa nyingi mno nayo huharibu mifupa na gegedu za viungo. Na huko Marekani, Labrador 48 walifuatiliwa maisha yao yote, nusu wakipewa chakula pungufu kwa robo. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2002 yalionyesha kuwa waliolishwa kidogo waliishi karibu miaka miwili zaidi, na viungo vyao vilichelewa kuharibika. Mbwa mkubwa anayekula chakula kamili cha dukani cha watoto wa mbwa haongezewi chokaa hata kijiko, na mbavu zake ziguswe kwa urahisi chini ya ngozi.

Kwa aliyekwisha kuanza kuchechemea, mapema ndiyo nusu ya tiba. Afisa mifugo wa kata aitwe, mbwa afungiwe mahali padogo asiruke, na chakula kibadilishwe siku hiyo hiyo. Akiwa bado anakua, mifupa hukaza ndani ya wiki chache. Mguu uliovunjika ukaungana vibaya hubaki hivyo, na msimu ujao shamba litatafuta mlinzi mwingine.