KORTI HUFUTA BARUA: KIGINGI HUPIGWA NA NANI?



Kabla mti haujaangushwa msituni, umekwisha kuangushwa mezani, siku ile mkubwa wa ofisi anapotia sahihi leseni na kuchora mstari juu ya ramani. Mstari ukichorwa vibaya huumia watu wawili: mwenyeji ambaye ardhi yake imeingizwa ndani, na kibarua aliyeandikwa kukata miti hiyo. Ugomvi ukifika kortini, msumeno husimama. Ni tajiri gani atakayelipa mshahara wa msumeno uliosimama?

Kwa hiyo jambo hili latuhusu. Wengi hudhani kwamba jaji atakwenda kuwapimia mpaka. Sivyo. Kwa kawaida jaji anapochunguza uamuzi wa ofisa huuliza: Je, sheria ilimpa uwezo? Aliwasikiliza wanaohusika? Alitoa sababu? Alifuata njia iliyowekwa? Ikiwa hakufanya hivyo, barua yake hufutwa na shauri hurudi ofisini. Mpaka wabaki palepale, haujapimwa.

Tutoe mfano wa nchi ya mbali, kwa kuwa mambo yake yalionekana wazi hadi mwisho. Mwaka 1996 serikali ya Nicaragua, katika Amerika ya Kati, iliipa kampuni ya mbao leseni ya miaka 30 juu ya hekta 62,000 hivi za msitu. Wenyeji wa Awas Tingni, watu wa kabila la Mayagna, walisema msitu ni wao tangu mababu. Serikali iliuhesabu kuwa mali yake, maana wenyeji hawakuwa na hati.

Februari 1997 Korti Kuu ya huko ikasema leseni ile ni kinyume cha Katiba, kwa sababu Baraza la Jimbo halikuikubali. Hukumu ilikuwa nzuri, lakini ilipima njia tu, haikupima ardhi. Oktoba mwaka uleule Baraza likakutana na kuikubali leseni. Kosa la karatasi likatibiwa kwa karatasi! Leseni ilifutwa mwaka 1998, na bado wenyeji hawakuwa na mpaka.

Hawakuchoka. Shauri lao lilifika mbele ya Korti ya Haki za Binadamu ya nchi za Amerika, na tarehe 31 Agosti 2001 korti hiyo ikaamua kwamba ardhi ya wenyeji ni mali yao hata kama hawana hati. Serikali ikaagizwa kupima, kuweka mipaka na kutoa hati katika miezi 15. Hati ya hekta 73,000 hivi ilitolewa Desemba 2008. Miezi 15 iligeuka kuwa miaka 7 na zaidi.

Tusiwacheke. Oktoba 2009 watu wa Ogiek walipewa ilani ya siku 30 watoke msitu wa Mau. Tarehe 26 Mei 2017 Korti ya Afrika, yenye makao yake Arusha, iliamua kwamba haki zao zilivunjwa. Ilisema pia kuwa Mau iliharibiwa na watu wengine walioingia, na Serikali kuimega kwa makazi, na leseni za kukata miti zilizotolewa bila busara. Juni 2022 korti hiyo iliagiza ardhi ya Ogiek ipimwe na hati itolewe, kwa kushauriana nao. Hata hivyo Novemba 2023 Waogiek walifukuzwa tena huko Sasimwani, Narok.

Basi, twasema hivi:

Kwanza, Kifungu cha 47 cha Katiba ya 2010, pamoja na sheria ya mwaka 2015 iliyokifuata, vyampa haki ya kupata sababu kwa maandishi kila mtu aliyeumizwa na uamuzi wa ofisi. Ziombeni. Fuateni kwanza njia za rufani zilizomo katika sheria, kisha korti, wala msikawie, kwa maana korti huweza kumkataa aliyelala.

Pili, kabla kundi la wakata miti halijaingia msituni, mjumbe wa chama amwombe tajiri aonyeshe leseni na ramani. Na katika mapatano ya kazi iandikwe mshahara utakuwaje ikiwa korti itasimamisha kazi.

Tatu, tusimfanye mwenyeji adui. Hakututoa kazini yeye. Aliyetutoa ni yule aliyechora mstari bila kuuliza.

Nne, kila hukumu ya mpaka iulizwe: nani atapima, kwa fedha gani, na siku gani? Hukumu hubaki karatasi mpaka mpimaji afike msituni na kupiga kigingi mbele ya wenyeji na wafanyakazi.