Masafa ya Unguja na Pemba kwa ndege

Baina ya kiwanja cha Abeid Amani Karume, Unguja, na kile cha Pemba kilichoko karibu na Chake Chake, masafa ya mstari ulionyooka ni kadiri ya kilomita 125, ambazo ndege ndogo ya injini moja, mfano wa zile Caravan tuzionazo katika njia hii, huzikata kwa takriban nusu saa. Lakini msafiri hahesabu mwendo wa angani peke yake: kuna kuwahi kiwanjani, kuna kupimwa mzigo, na pengine abiria mwenyewe, mkoba mkononi, kupandishwa mizani mbele ya kadamnasi, kwani chombo cha watu 12 kina hisabu yake ya uzani isiyojali hadhi ya mtu. (Mimi hupendelea kiti cha kando ya rubani, akiniruhusu.) Hata hivyo, aliyewahi kuvuka mkondo wa Nungwi kwa meli wakati wa kusi, bahari imechafuka na vifuko vya kutapikia vinagawiwa, hatastaajabu kwamba wako wanaoridhia nauli ya ndege bila ya kunung'unika.