MAONI YETU: UGOMVI WA WAKUBWA HUKO ASIA, NA ANAYEKWENDA OFISINI PEKE YAKE



Wako wenzetu watakaouliza: gazeti letu lina haja gani na mambo ya Asia? Si tuna ya kwetu ya mishahara, nyumba na zamu za usiku? Jibu letu ni fupi. Reli ni reli popote ilipo, na deni ni deni popote lilipo. Tena, jinsi mataifa madogo ya Asia yanavyosukumwa na mataifa makubwa, hapana mfanya kazi asiyeweza kuielewa, kwa maana yeye mwenyewe amepata kusimama peke yake mbele ya meza ya tajiri.

Wakubwa wanaogombana huko ni wawili, Marekani na Uchina. Marekani ina manowari, ina fedha ya dola, na ina soko kubwa la kununua nguo, viatu na simu. Uchina ina viwanda, ina mabenki ya kukopesha, na ina wahandisi wa kujenga reli na bandari. Japani nayo imo, rafiki wa Marekani, yenye mikopo ya riba ndogo. Kila mmoja huyaendea mataifa madogo na kusema, "Njooni kwangu." Mtu anayeitwa na watu wawili aweza kufaidika, lakini aweza pia kuvutwa mikono mpaka ikateguka. Tutazame mifano.

RELI YA BANDUNG

Mji wa Bandung uko katika nchi ya Indonesia. Mwezi wa Aprili 1955 wajumbe wa nchi 29 za Asia na Afrika walikutana hapo. Rais Sukarno aliwakaribisha. Nehru wa India alikuwapo, na Zhou Enlai wa Uchina alikuwapo. Nchi nyingi kati ya hizo zilikuwa zimetoka katika ukoloni juzi tu, nazo zilitaka ulimwengu ujue kwamba hazikutoka kwa bwana mmoja ili ziingie kwa mwingine.

Baada ya miaka 60, yaani mwaka 2015, mji ule ule uligombewa kwa ajili ya reli. Indonesia ilitaka treni ya mwendo wa kasi kutoka Jakarta mpaka Bandung, kilomita 142. Wajapani walileta mkopo wenye riba ya 0.1 kwa mia, lakini walitaka Serikali iwe mdhamini. Wachina walileta riba ya 2 kwa mia, lakini walisema hawahitaji dhamana ya Serikali, wala fedha ya hazina haitaguswa. Indonesia ikawachagua Wachina. Hapana aibu katika kuchagua. Mwenye haja akiletewa bei mbili hutazama ile isiyombana.

Sasa tazameni yaliyofuata. Reli ilitazamiwa kwisha mwaka 2019, ikafunguliwa Oktoba 2023. Gharama ilitazamiwa kuwa dola bilioni 6 hivi, ikapita bilioni 7. Fedha zilipopungua, mwaka 2021 Rais alitoa amri ya kuruhusu fedha ya hazina itumike, ile ile iliyosemwa haitaguswa. Na shirika la reli la taifa, lile linaloendesha treni za kila siku za wananchi, ndilo lililowekwa mbele katika makampuni ya Indonesia yenye kubeba mzigo huo. Hata mwaka 2025 Serikali ilikuwa ikizungumza na Wachina namna ya kupanga upya ulipaji wa deni.

Hatusemi kwamba treni ni mbaya. Safari iliyokuwa ya saa 3 kwa treni ya zamani sasa huchukua kama dakika 45, na hiyo ni kazi ya kusifiwa. Tunalosema ni hili: ushindani ulikwisha siku mkataba ulipotiwa sahihi. Kabla ya sahihi Indonesia ilikuwa na wauzaji wawili wanaoibembeleza. Baada ya sahihi ilikuwa na mdai mmoja. Kwa hiyo yote inayoyataka nchi ndogo hapana budi yaandikwe wakati ule wauzaji wangali wawili: nani atalipa gharama zikizidi, na nani atabeba hasara abiria wakiwa haba. Neno lililoachwa wakati huo ni vigumu kuliingiza baadaye.

UPANA WA RELI NAO NI SIASA

Laos ni nchi isiyo na bahari, yenye watu milioni 7 na zaidi. Tarehe 3 Desemba 2021 ilifungua reli ya kilomita 400 na zaidi, kutoka Boten katika mpaka wa Uchina mpaka mji mkuu wa Vientiane. Gharama ilikuwa kama dola bilioni 6. Katika kampuni ya reli hiyo, upande wa Uchina una hisa 70 kwa mia na Laos ina 30.

Fundi wa njia atauliza mara moja: upana wake ni kiasi gani? Ni milimita 1,435, kama reli za Uchina. Lakini ng'ambo ya mto Mekong iko Thailand, na reli ya Thailand ni ya mita moja, kama ile reli yetu ya zamani. Basi sanduku la shehena linalotoka Uchina kwenda Bangkok likifika Thanaleng, karibu na Vientiane, hapana budi linyanyuliwe kutoka behewa moja na kuwekwa juu ya jingine. Wanaofanya kazi ya shehena wanajua maana yake: muda, mashine na fedha. Wafaransa, walipokuwa watawala wa sehemu zile, walijenga reli za mita moja. Leo Uchina inajenga kwa upana wake. Anayelaza mataruma ndiye anayeamua mzigo wako utakwenda wapi kwa urahisi, na wapi kwa taabu.

Jambo hili si geni kwetu. Reli mpya ya Mombasa mpaka Nairobi, iliyofunguliwa tarehe 31 Mei 2017, ilijengwa kwa mkopo mkubwa wa Benki ya Exim ya Uchina, kwa upana ule ule wa Kichina. Ilipofika Naivasha mwaka 2019 ikaishia hapo, na shehena ya kwenda Malaba ikabidi irudi kwenye reli ya zamani. Laos na sisi tuko mbali sana, lakini mwenye benki ni mmoja.

Laos imepata faida. Safari iliyokuwa ya kutwa nzima na zaidi katika barabara za milimani sasa ni ya saa chache. Lakini mdai wake mkubwa ni Uchina, na mwaka 2021 kampuni yenye hisa nyingi za Wachina ilipewa usimamizi wa nyaya kubwa za umeme wa nchi kwa miaka 25. Nchi ikiwa na mlango mmoja tu wa kukopa, mwenye mlango hutaja bei.

USHURU WA 2025

Sasa tugeukie Marekani. Tarehe 2 Aprili 2025 Rais Trump alitangaza ushuru mpya juu ya bidhaa za nchi nyingi. Kambodia ilitajwa 49 kwa mia, Vietnam 46, Thailand 36, Indonesia 32, Malaysia 24, na Ufilipino 17. Maana ya 49 kwa mia ni kwamba shati lililonunuliwa Kambodia kwa shilingi 100 hutozwa shilingi 49 likiingia Marekani.

Mwenye duka wa Marekani ndiye anayelipa forodhani. Lakini hataki kupata hasara. Humwambia mwenye kiwanda, "Punguza bei." Na mwenye kiwanda atamgeukia nani? Kambodia ina mamia ya maelfu ya watu washonao nguo na viatu, wengi wao wanawake. Mshahara wa chini wa kazi hiyo mwaka 2025 ulikuwa dola 208 kwa mwezi. Hakuna aliyewauliza, nao ndio walio mwisho wa kamba.

Mataifa 10 ya sehemu ile yalikuwa na umoja wao uitwao ASEAN, na mwaka ule mwenyekiti alikuwa Malaysia. Kwa jumla yana watu zaidi ya milioni 600. Tarehe 10 Aprili mawaziri wao walitoa tamko kwamba hawatalipiza kisasi, bali wanataka mazungumzo. Ilitazamiwa kwamba mazungumzo hayo yatakuwa ya pamoja. Haikuwa hivyo. Kila nchi ilikwenda Washington peke yake, kwa mlango wake, na ahadi zake mkononi.

Vietnam ilitangulia. Mwanzo wa Julai ikapewa 20 kwa mia, pamoja na sharti la 40 kwa mia juu ya bidhaa za nchi nyingine zipitishwazo kwake kwa ujanja. Shabaha ya sharti hilo ilikuwa Uchina. Ikafuata Indonesia, 19. Ufilipino, 19. Kisha Thailand, Kambodia na Malaysia, zote 19. Laos na Myanmar zilibaki na 40.

Hesabuni vizuri, ndugu. Aliyekimbia wa kwanza alipata 20, na waliochelewa walipata 19. Ufilipino ina mkataba wa ulinzi na Marekani tangu 1951, na huwaruhusu askari wa Kimarekani kutumia kambi zake. Ilianza na 17 ikaishia na 19. Urafiki wa miaka 70 na zaidi haukupunguza hata kimoja.

Kwa nini hawakwenda pamoja? Si kwa ujinga. Ni kwa sababu wao kwa wao wanagombea viwanda vile vile. Vietnam ikitozwa 20 na Kambodia 19, Kambodia hutumaini kwamba mnunuzi wa viatu atahamia kwake. Kila mmoja alimwogopa jirani kuliko alivyomwogopa mkubwa. Mkubwa alijua jambo hilo, ndiyo sababu aliwaita mmoja mmoja. Tajiri yeyote anajua kwamba watu kumi waliopanga foleni nje ya ofisi, kila mmoja akiwa na siri yake, ni rahisi kuliko watu kumi waliosimama pamoja na karatasi moja.

Mwezi ule ule wa Julai Thailand na Kambodia zilipigana mpakani. Rais Trump aliziambia kwamba hakuna mapatano ya ushuru mpaka waache vita. Tarehe 28 Julai wakakubaliana kusimamisha mapigano huko Putrajaya, mbele ya Waziri Mkuu Anwar Ibrahim wa Malaysia, na mabalozi wa Marekani na Uchina wakiwapo. Baada ya siku chache zote mbili zikapewa 19. Watu wasife, hilo ni jema. Lakini Desemba 2025 mapigano yalizuka tena. Ushuru waweza kumzuia mtu mkono kwa muda, lakini hauamui mpaka upite wapi.

WOTE WAWILI WANA FIMBO

Asidhani mtu kwamba fimbo iko mkono mmoja tu. Mwaka 2012 Uchina na Ufilipino ziligombana juu ya mwamba wa Scarborough katika bahari. Mara wakaguzi wa forodha wa Uchina wakawa wakali juu ya ndizi za Ufilipino, wakisema zina wadudu. Ndizi zikaoza bandarini. Mkulima wa ndizi alikuwa hajauona mwamba wenyewe, lakini yeye ndiye aliyelipa.

Na wazee husema, wapiganapo tembo ziumiazo ni nyasi. Hata wakipatana, nyasi hukanyagwa. Tarehe 30 Oktoba 2025 Trump na Xi Jinping walikutana Busan, Korea Kusini, wakapunguziana ushuru na kuahirisha mengine. Walikuwa wawili mezani. Mataifa madogo yalisoma habari katika magazeti.

Je, basi mdogo hana njia? Anayo. Vietnam ilimkaribisha Rais Biden Septemba 2023, ikamkaribisha Xi Desemba mwaka ule ule, na Putin Juni 2024. Huiuzia Marekani mali ya zaidi ya dola bilioni 100 kwa mwaka, na Februari 2025 bunge lake lilikubali reli mpya kutoka Lao Cai mpaka bandari ya Hai Phong, kwa kutumainia mkopo wa Uchina. Haikuolewa na yeyote, na kila mmoja anajua kwamba akizidisha ukali, yuko mwingine mlangoni. Hiyo ni akili nzuri. Lakini hata akili hiyo ilikuwa na mwisho wake Julai 2025, Vietnam ilipokwenda kujadili ushuru peke yake.

Mambo mawili basi tuyashike. La kwanza, ushindani wa wakubwa humfaa mdogo kabla ya sahihi tu, kwa hiyo asome mkataba mpaka mstari wa mwisho kabla ya kushika kalamu. La pili, kuwa na wanunuzi wawili hakutoshi. Wauzaji wakiwa kumi, na kila mmoja akimvizia mwenzake, hata wanunuzi wawili watapata bei waitakayo.

Wale wa Bandung mwaka 1955 hawakuwa na bunduki nyingi wala fedha nyingi. Walichokuwa nacho ni chumba kimoja na meza moja. Mwaka 2025 wajukuu wao walikuwa na viwanda, na treni za kasi, na masoko ya watu milioni 600, lakini ile meza moja hawakuiketia.

MHARIRI