Mwanafunzi mwenye huzuni aonyeshwe mlango ufaao

MWANAFUNZI mwenye homa hupelekwa zahanati bila mjadala. Lakini yule aliyepotewa na usingizi, asiyeona ladha ya chakula wala ya masomo, huambiwa ajikaze. Hii ni kasoro ambayo walimu na wanafunzi wa mitaa ya Eastlands hawana budi kuirekebisha.

Chukua mfano wa Muthurwa, mtaa uliojengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa reli. Mwaka 2010 wapangaji wake waliamriwa kuhama, na mgogoro huo ukafika Mahakama Kuu. Mtoto asiyejua kama kesho atalala kwao ana kila sababu ya kuwa na wasiwasi, na wasiwasi huo si ugonjwa. Hata hivyo, hofu ikiendelea kumwandama kila siku hata pasipo na tisho, au huzuni ikidumu zaidi ya wiki mbili na kumnyima hamu ya yote aliyoyapenda, yafaa aonwe na mtaalamu.

Mtaalamu yupi? Hapa ndipo wengi hupotea njia. Mshauri nasaha humsikiliza mtu na kumsaidia kukabili dhiki yake. Mwanasaikolojia hupima na kutibu kwa mazungumzo yenye utaratibu maalumu. Daktari wa magonjwa ya akili, zaidi ya hayo, huweza kuandika dawa. Ni vyema kuanza kwa daktari wa kawaida, maana upungufu wa damu na hitilafu ya tezi ya shingoni huweza kuleta dalili zinazofanana na hizi. Dua za sheikh na sala za kasisi ni faraja isiyofaa kudharauliwa, ila hazichukui nafasi ya tiba.

Mzazi naye asione haya kuuliza. Kenya ina sheria ya mwaka 2014 inayotaka washauri na wanasaikolojia wasajiliwe. Basi aulize cheti, ada na muda wa matibabu. Akiona mtaalamu wa kwanza hamfai mwanawe, amtafute mwingine. Dawa nazo aghalabu huchukua wiki kadhaa kabla ya kuleta nafuu, na hazifai kuachwa ghafla bila idhini ya daktari.

Hospitali ya Mathari, iliyoanzishwa mwaka 1910, haiko mbali na Muthurwa. Kinachowaweka watu mbali nayo ni jina lake, ambalo wengi wetu tumeligeuza tusi. Mwalimu anayecheka tusi hilo darasani humfungia mlango mwanafunzi aliye kimya katika dawati la nyuma.

Twazisihi shule zibandike ukutani jina la kliniki iliyo karibu pamoja na nambari 116, ambayo mtoto hupiga bila malipo. Mwalimu wa ushauri nasaha apunguziwe vipindi ili apate wasaa wa kusikiliza, kwani hawezi kusahihisha madaftari ya madarasa manne na papo hapo kubeba siri za shule nzima. Nao wanafunzi wasiweke siri mwenzao anapotaja kujiua. Asiachwe peke yake. Mtu mzima aarifiwe na mtoto huyo afikishwe hospitali siku iyo hiyo.

Wahenga walinena kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Shule isiwe mahali pa kuyafichia.